Aliyezichora Korido za Mafiga

Nenda Mafiga, mtaani kwetu, mchana, jua likiwa utosini, uingie nyumba yoyote kati ya zile alizozichora Mwalimu wetu wa michoro. Pita sebuleni, fika katikati, pale milango ya vyumba inapotazamana, usimame. Giza. Mama yangu amekuwa akiwasha taa ya korido mchana kutwa tangu nipate akili, na umeme ukikatika tunapapasa ukuta kwenda chooni kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kwa jirani hivyo hivyo. Kwa jirani wa jirani hivyo hivyo. Zamani nilidhani korido ni kitu cha giza tu, ndivyo kilivyoumbwa. Sasa najua si kweli, na kujua huko kumenitia hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Jina lake silitaji. Kwetu hana jina, ni Mwalimu, na ukisema Mwalimu mtaani kwetu hakuna atakayekuuliza yupi, ingawa mtaa umejaa walimu, wahadhiri na watu wa ofisi za serikali. Alitufundisha michoro ya ufundi sekondari, na jioni na Jumamosi aliwachorea watu nyumba. Meza yake ilikuwa mlango wa mninga uliolazwa juu ya stuli mbili barazani, kitasa kikiwa bado kipo, na kitasa hicho ndicho alichotundikia miwani yake. Alichora nyuma ya kalenda za ukutani zilizokwisha mwaka: za parokia, za msikiti, za benki, zozote alizoletewa. Kuna watu Mafiga wana nyumba ambayo ramani yake, ukiigeuza, unamkuta askofu anakutazama.

Penseli aliichonga kwa wembe, polepole, na wakati anachonga hakuna ruhusa ya kusema. Mteja alisimama kimya kama yuko kanisani. Akimaliza kuchonga anapuliza, anaweka ncha kwenye karatasi, na hapo ndipo anauliza swali lake. Swali lilikuwa moja kwa wote, kwa mteja, kwa mwanafunzi, kwa mtoto aliyetumwa chumvi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Maji yanatoka wapi?"

Ilibidi unyooshe mkono kuuelekeza mlima wa Uluguru. Hata darasani, hata siku ya mahafali, hata msibani nilimsikia akimuuliza hivyo mtu aliyekuja kumpa pole. Usipoonyesha mlima, haendelei na wewe.

Katika hilo alikuwa na haki, na sitamnyima. Mji wetu una kosa moja ambalo kila mjenzi analirudia. Mtu akipata kiwanja, jambo la kwanza anatafuta barabara iko wapi, na nyumba inageuzwa uso kuifuata barabara ili wapitao waione. Mlima unapewa mgongo. Halafu mvua za masika zikishuka kutoka huko juu zinakuta jiko, choo na mlango wa nyuma usio na hata kizingiti, na masufuria yanaelea. Mwaka unaofuata anajenga mwingine, vile vile. Mwalimu alikuwa akitetemeka kwa hasira akiyasema haya. Yeye ni mtu wa huko juu, wa vijiji vya misheni, na akikasirika Kiluguru kilikuwa kinapanda chenyewe katikati ya Kiswahili chake mpaka tunabaki tunatazamana. "Mgeni mkubwa wa mji huu ni maji," alikuwa akisema. "Anakuja kila mwaka, njia yake mnaijua, na bado mnampa makalio."

Kwa hiyo nyumba zake zote zinatazama mlima, barabara iwe upande wowote. Ya kwetu barabara iko nyuma, na wageni wote, hata waliokuja kuleta posa ya dada yangu, wameingilia uani, kwenye kamba ya nguo na simtanki la maji. Baba amelalamika miaka yote. Lakini hatujawahi kuchota maji ndani kwa ndoo, na majirani wa barabara ya pili wamechota.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa sahihi kwenye maji na kipofu kwenye mwanga. Naandika kipofu, kisha nakumbuka kwamba hakuwa kipofu, na hasira inaanza upya. Nitafika huko.

Alikuwa mkali kwa watu na laini kwa maombi yao. Sijui nieleze vipi. Zilipoanza kuja hizi nyumba za paa la kuficha, zile ambazo ukuta unapandishwa juu kuzunguka mabati ili nyumba ionekane ya kisasa, alizichukia kama ugonjwa. Mvua ikinyesha alikuwa anachukua mwavuli, anakwenda kusimama mbele ya nyumba fulani ya mtaa wa pili, anatazama maji yanavyotuama juu na kushuka kwenye ukuta wa ndani, na mwenye nyumba akitoka anamwambia, "Endelea tu na shughuli zako, mimi natazama." Alitupeleka darasa zima tutazame. Mwaka huo huo mkwewe, mume wa binti yake, akaja kutaka nyumba ya paa la kuficha. Mwalimu akamchorea.

"Mwalimu, si ulisema..." nilimwambia nilipoiona mezani.

"Alikuja," akasema. "Mtu akishakuja mpaka barazani kwako, utamwambia nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Sijapata kusikia kwamba amemkatalia mtu. Fundi aliyetaka ramani ya siku moja, alimchorea. Mzee mmoja kutoka Mzinga aliyekuja na kiwanja kidogo kama kitambaa cha mkononi, alimchorea. Wakulima walioshuka Jumamosi na matenga ya karoti na kabichi, walimwachia mafungu mawili wakaondoka na nyumba. Na kwa sababu walikuwa wengi na yeye mmoja, aliwachorea nyumba ile ile. Sebule mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, jiko mwisho. Alibadilisha vipimo, akageuza kuelekea mlima, akakabidhi. Mtaa mzima tunaishi kwenye nyumba moja iliyorudiwa.

Watu aliwaita kwa nyumba zao. Baba alikuwa Mzee wa Kona, kwa kuwa tuko konani, na mimi nikawa Binti wa Kona. Ndivyo alivyoniita siku alipokuja nyumbani kwetu, akaingilia uani kama wageni wote, kumwambia baba kwamba nisisome uhasibu.

"Huyu asomee usanifu wa majengo," alisema kabla hata hajapewa kiti. "Na asisomee hapa barazani kwangu. Aende nje akasomeshwe."

"Mwalimu, hiyo kozi ni ndefu," baba alisema. "Na akirudi?"

"Akirudi amerudi."

Baba alicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kulewa wazo hilo. Nikaomba, nikapata nafasi ya ufadhili Uturuki, nikaondoka.

Sasa, kila mtu Mafiga anajua kwamba Mwalimu mwenyewe aliwahi kwenda. Ujanani alipelekwa Ulaya ya mashariki, kwenye nchi ambayo siku hizi haipo, kusomea usanifu huo huo, na alirudi kabla ya kumaliza. Kwa nini alirudi, hapo ndipo pa kucheka na kulia. Wanafunzi waliolalamikia baridi ya mwezi wa saba aliwaambia ni baridi iliyomrudisha, kwamba aliamka akakuta wino umeganda kwenye kalamu. Kwa wazee wenzake ilikuwa siasa, nchi imevunjika na chuo kimefungwa. Kwa mama yangu ilikuwa mama yake mzazi aliyeugua huko kijijini, na mama alimlilia. Mimi aliwahi kuniambia ni mwanamke, akacheka sana, na mkewe aliyekuwa anapepeta mchele pembeni akasema bila kuinua kichwa, "Huyo muongo. Mimi kanikuta hapa hapa." Zote alizisimulia vizuri, na kila moja tuliiamini kwa zamu yake.

Nami huko nilikokwenda nilikuja kuihitaji sababu ya kweli. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, nikiwa mtu mzima ninayejifunza kusema mlango na dirisha. Halafu studio. Wenzangu mwisho wa wiki wanakwenda kwao kula na kulala, mimi nabaki na gundi na kadibodi. Kazi ya kwanza tuliyopewa, kuchora makazi, mhadhiri mmoja aliniambia kwa tabasamu nichore "kitu cha kwenu", na nilipomletea nyumba ya tofali iliyotazama mlima akashangaa, alikuwa anasubiri msonge wa nyasi. Halafu ukiwauliza wakubwa waliotangulia, wanakueleza ukweli wote kwa mkupuo: ukimaliza, hapa mgeni hasaini ramani, kibali cha kazi ni vita. Ukirudi kwenu, watakupokea kama anayeanza, mafunzo tena, mitihani tena. Utakuwa na umri wa kuitwa mama fulani na bado unaitwa mwanafunzi. Wenzangu waliosomea uhasibu nyumbani wanajenga sasa. Na nani anawachorea? Mwalimu.

Lililonikasirisha kuliko yote lilikuja mwaka wa pili. Mhadhiri mwingine, mama mpole, alituambia tuchore kwa kumbukumbu nyumba tulizokulia, kisha tupake rangi ya njano kila mahali jua linapofika saa sita mchana. Nilichora haraka, ile nyumba naijua kwa mikono. Nikapaka njano sebuleni, vyumbani, jikoni. Katikati yote ikabaki nyeupe, kutoka mwanzo wa korido mpaka mwisho, na nikaendelea kushika kalamu ya njano nikitafuta pa kuiweka.

Yule mama akaja akasimama nyuma yangu. "Nani alichora nyumba hii?"

"Mwalimu wangu."

"Hakuona hapa katikati?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia nyumba hii haijawahi kuingiwa na maji, na kwamba yeye hajui mvua ya kwetu. Wiki ile ile akatufundisha jinsi ya kuleta mwanga katikati ya nyumba: unapandisha sehemu ya paa juu ya nyingine, pale zinapopishana unaweka dirisha refu, jua linashuka mpaka sakafuni. Somo la asubuhi moja. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa nimekunja ngumi. Mama yangu, taa mchana kutwa. Bibi yangu, aliyeanguka kwenye korido ile akavunjika nyonga na hakuinuka tena. Mtaa mzima unapapasa ukuta kwa ajili ya somo la asubuhi moja ambalo mtu mmoja hakulisubiri.

Nilirudi nyumbani likizo ya mwezi wa saba na hasira hiyo, na pia na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nafikiria kutorudi tena huko. Na Mafiga ilinirahisishia kweli. Mtaa mzima waliniita Injinia, ingawa mimi si injinia na wala sisomei uinjinia. Jirani akataka nimchoree banda la duka. Mwingine akataka choo cha nje. Nikachora. Wakafurahi, wakaniletea ndizi na kuku. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nilikuwa mtu anayehitajiwa, mahali ambapo hakuna anayeniuliza kibali. Kisha mama mdogo, mdogo wake mama yangu, akaja na jambo kubwa: ana kiwanja mteremkoni, tofali zimekwisha kuchomwa na kupangwa, anataka nyumba, na anataka msingi uchimbwe kabla ya mvua za vuli. "Kwa nini nimfuate Mwalimu na giza lake," alisema, "wakati nina Injinia wangu ndani?"

Niliichora kwa mapenzi yangu yote. Inatazama mlima. Paa limepanda katikati, dirisha la juu, mwanga unashuka mpaka kwenye korido. Zikiwa zimebaki siku chache nirudi chuoni, na tiketi ikiwa kwenye begi ambalo sikuwa nimeanza kulipanga, nikaikunja nikaenda nayo kwa Mwalimu. Nilitaka aione. Nilitaka aumie.

Alikuwa barazani, amezeeka, mlango wake juu ya stuli zile zile. Ilikuwa kiangazi kikavu, huko juu watu wanachoma mashamba na moshi umeufunika mlima nusu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Binti wa Kona. Maji yanatoka wapi?"

Sikunyoosha mkono. "Mwalimu, zile korido zina giza."

Alivua miwani, akaitundika kwenye kitasa. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Si naishi kwenye moja? Nilijua siku niliyohamia."

"Na ukaendelea kuzichora."

"Walikuja."

Nilihisi machozi ya hasira yananipanda na nikayakataa. Nilimwambia habari za bibi. Alikuwepo msibani, anajua, akainamisha kichwa. Nikamwuliza, "Kwa nini ulirudi? Usiniambie baridi. Usiniambie nchi ilivunjika."

Nilidhani atasimulia sababu mpya. Ndani mkewe alikuwa anaosha vyombo, akaacha.

"Hakuna aliyeumwa," alisema. "Na chuo hakikufungwa, wenzangu walimaliza. Nilikuja likizo tu. Jirani akaja, anataka nyumba. Nikasema nimalize hiyo kwanza. Akaja mwingine. Waliniita Injinia." Akanitazama. "Ukitaka wa kumlaumu hayupo, mwanangu. Nimemtafuta. Ndiyo maana nikawa nawasimulia yale mengine."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

Sikutaka tena kumpa, lakini nilimpa. Akaitandaza juu ya mlango, akavaa miwani, akapita chumba kwa chumba na kidole. Alipofika katikati kidole kikasimama. Alikaa pale muda mrefu, akilitazama lile dirisha la juu, na niliona midomo yake inacheza. Nilikuwa nimekuja nimwone akiumia, na nilipoona hivyo haikunisaidia kitu.

"Nzuri," akasema. "Na mvua ikija na upepo kutoka mlimani, inapiga hapa. Unaizuia vipi?"

Sikujua. Nilisema fundi ataziba.

"Ataziba na nini?"

Nikalitazama lile dirisha langu.

"Hilo wanafundisha lini?"

"Mwaka wa tatu."

"Mimi nilikomea kwenye korido," alisema. "Wewe unataka kukomea dirishani. Halafu mama mdogo wako atawaonyesha majirani, nao watakuja, na wewe utawachorea wote." Akaikunja ramani yangu mara mbili, akainuka kidogo, akaikalia.

"Mwalimu, nirudishie."

"Njoo uichukue ukimaliza."

Hapo nikasema yote. Nilimwambia hana haki. Nilimwambia anataka nimalizie alichokiacha yeye, kwa miaka yangu mimi. Na nikimaliza nikakosa huko na nikakosa na hapa, je, atanilisha yeye? Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima, na nikijua mkewe anasikia.

"Sitakulisha," alisema. "Na sijui kama utapata kazi. Sikudanganyi. Mimi najua mwisho wa kubaki tu. Ule mwingine siujui."

Niliondoka bila kuaga. Usiku ule sikulala, asubuhi nikapanga begi kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo nikapanda basi kituo cha Msamvu kwenda Dar kupanda ndege. Siwezi kusema niliamua. Niliona tu aibu ya kubaki katika mtaa ambao yule mzee ameikalia nyumba yangu.

Mama mdogo amenipigia wiki hii. Mvua za vuli zimeanza, tofali zake zimeota nyasi, msingi haujachimbwa. Alikwenda kwa Mwalimu mwenyewe, akajishusha, akamwomba amchoree, hata ile ya giza.

"Amenikatalia," alisema, na hata kwenye simu nilisikia kwamba haamini. "Mimi. Eti nimsubiri mchoraji wangu, yuko shule. Nikamwambia, Mwalimu, si nimekuja mwenyewe mpaka hapa barazani kwako? Akaniambia, nakuona. Akaendelea kuchonga penseli yake. Hebu mpigie, mwambie aache utoto, mimi nyumba naitaka."

Nilimwambia nitampigia. Sikumpigia. Nilikuwa studio, wenzangu wamekwenda kwao, na mezani nilikuwa na lile dirisha la juu, nimelichora kwa ukubwa, na mvua nimeichora kwa mishale, ikija na upepo kutoka mlimani. Nilikuwa nimeshafuta na kurudia tangu asubuhi, na bado mvua ilikuwa inaingia.